Motoka ya umeme ni bei rahisi, lakini umeme wa Kindu uko wapi?

KINDU, Maniema – Kila mara bei ya esansi inapopanda mjini, maneno ni yaleyale. Mmoja anaonyesha kwenye simu pikipiki za umeme za Kigali. Mwingine anakumbusha kwamba Ethiopia ilikataza kuingiza motoka za esansi mwaka 2024. Wa tatu anafunga mjadala: umeme ni bei rahisi, Kongo imebaki nyuma. Pembeni kuna anayecheka, anasema hivyo si vitu vya Maniema. Pande zote mbili zinakosea, na anayelipia kosa hilo hayumo katika mjadala. Ni mama aliyekimbia vita, anayelipa pikipiki usiku ili mtoto mwenye homa afike hospitali.

Hesabu ianze na motoka yenyewe. Motoka ndogo ya esansi inakunywa lita 7 au 8 kwa kilomita 100. Ya umeme inahitaji uniti 15 hadi 20 kwa mwendo huohuo. Haina mafuta ya injini ya kubadilisha, haina buji, na vyuma vinavyozunguka ndani yake ni vichache. Mahali penye umeme wa mto, unaopita saa zote na kwa bei ndogo, mwenye motoka hiyo anatumia pesa kidogo kila siku. Hilo ni kweli, na anayelikataa anajidanganya.

Lakini Kindu si mahali hapo. Nchini Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Inga 1 na Inga 2 zilijengwa tangu miaka ya 1970 na 1980, na waya wake mkubwa ulivutwa mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi. Maniema haikuwekwa katika safari hiyo. Nyumba nyingi za Kasuku, Mikelenge na Alunguli zinawasha taa kwa paneli ndogo ya jua, kwa jenereta, au haziwashi kabisa.

Sasa motoka ya umeme ichomekwe kwenye jenereta. Jenereta ndogo inatoa uniti 2 au 3 kwa lita moja ya esansi. Ili motoka itembee kilomita 100, jenereta itakunywa lita 5 hadi 10. Faida iko wapi? Esansi ni ileile iliyofika kwa reli kutoka kusini, kwa mto kutoka Ubundu, au kwa barabara ya matope. Imebadilisha tangi tu. Na mwenye motoka amekwisha kulipa bei kubwa ya kuinunua, kwa kuwa betri peke yake inabeba sehemu kubwa ya bei hiyo. Ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe anayefungua injini ya Toyota kwa macho yaliyofumba hana chombo cha kuifungua.

Kwa hiyo wanaocheka wameshinda? Hapana. Wao wanaangalia motoka, na Kindu haitembei kwa motoka. Inatembea kwa pikipiki, kwa kinga na kwa mguu. Pikipiki ya esansi inakunywa lita 2 na zaidi kidogo kwa kilomita 100. Ya umeme inahitaji uniti 3 au 4 tu. Paneli za jua za kilowati 1, siku yenye jua, zinatoa karibu uniti 4. Hizo ni kama kilomita 100 bila tone la esansi, bila kungoja treni wala boti.

Kigali walielewa jambo moja ambalo video hazionyeshi vizuri. Kampuni ya Ampersand, iliyoanza huko mwaka 2019, haikumwambia dereva anunue betri. Dereva anafika kituoni na betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, analipa umeme alioutumia na kuondoka. Serikali nayo iliondoa kodi kwa vyombo vya umeme mwaka 2021. Kilichofanya bei iwe rahisi ni kituo, mpango wa betri na kodi. Pikipiki bila hivyo ni chuma cha kuangalia.

Wapo pia wanaojivuna: bila kobalti ya Kongo, motoka za umeme hazitatembea. Kongo kweli inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Lakini betri nyingi zinazotengenezwa China leo zinatumia chuma na fosfati, hazina kobalti hata gramu moja. Na kasiteriti ya Kalima na Punia, ambayo bati lake linaunganisha nyaya ndani ya vifaa vya umeme duniani kote, haijawasha taa katika nyumba za wachimbaji wake. Madini kutoka ardhini hayageuki kuwa umeme nyumbani kwa kujivuna.

Basi kiongozi au mfanyabiashara akileta ahadi ya usafiri wa umeme Kindu, asipigiwe makofi kabla ya kujibu maswali matatu. Umeme utatoka wapi? Betri ni ya nani siku itakapokufa? Nani mjini amefundishwa kuitengeneza? Asiye na majibu anauza picha.

Na kama pesa ni kidogo, zianze mahali zinapoonekana: kituo cha paneli karibu na bandari na kingine karibu na kituo cha afya. Hapo dereva atabadilisha betri, friji ya chanjo itafanya kazi, na familia zilizohama zitachaji simu bila kulipa kila mara ili tu zijue kama ndugu waliobaki nyuma wako hai. Usafiri ukishuka bei kwao, ndipo itasemwa kwamba umeme ni bei rahisi kuliko esansi. Kabla ya hapo, ni bei rahisi Kigali.