Kiti cha Washington si Ushindi

Kila Mwafrika anapopata cheo Benki ya Dunia au Shirika la Fedha la Kimataifa, mitandaoni tunajua kitakachofuata. Picha ya suti, bendera ya nchi yake, na maneno yale yale: umetuheshimisha. Mimi nimeandika habari za namna hiyo, tena nyingi. Nachukua wasifu wa mtu, nageuza vyeo kuwa aya, nampigia profesa mmoja aseme ni fahari kwa taifa, basi, habari imekwisha. Hata siku moja sikuuliza hicho kiti kinaamua nini.

Swali hilo limenirudia baada ya kusoma tena kumbukumbu za Edwin Mtei, From Goatherd to Governor, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2009. Jina la kitabu limeshatuambia tukisomeje: mchunga mbuzi akapanda ngazi. Na ngazi yenyewe ni ya kweli kabisa. Kijana wa Marangu anafika Makerere, mwaka 1966 anakuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania akiwa hajafikisha miaka 34, anakuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, halafu mwaka 1977 Waziri wa Fedha.

Wizara aliyokabidhiwa ilikuwa kaa la moto. Jumuiya ilikuwa imevunjika, bei nzuri ya kahawa haikudumu, mafuta yakapanda, na vita vya Kagera vikamaliza kilichobaki. Shirika la Fedha likataka, pamoja na mengine, shilingi ishushwe thamani. Mtei aliona kuna haja ya kukubaliana nao. Mwalimu Nyerere akakataa. Desemba 1979 Mtei akajiuzulu.

Hapa ndipo mabishano yetu hukwama. Kambi moja inasema aliwauza wananchi kwa mabepari, nyingine inasema aliona mbali na Mwalimu akawa mbishi. Nimechoka na kambi zote mbili. Kujiuzulu kwake namheshimu bila masharti. Taja mawaziri wangapi wa kwetu walioacha gari la serikali kwa sababu ya hoja. Ila kitabu hakiishii hapo. Mwaka 1982 Mtei anaingia Bodi ya Wakurugenzi ya Shirika hilo hilo kule Washington, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, na anakaa hadi 1986. Wasomaji wengi hapa hupiga makofi. Mimi ndipo nilipoacha.

Hebu tupige hesabu. Katika Shirika la Fedha kura hufuata mchango wa fedha. Maamuzi makubwa kabisa yanahitaji asilimia 85, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16, maana yake ikisema hapana, ni hapana. Mkuu wa Shirika amekuwa Mzungu wa Ulaya tangu mwanzo. Nchi zaidi ya 40 za kusini mwa Sahara zilibanana kwenye viti viwili hadi mwaka 2024 kilipoongezwa cha tatu. Mtu anayekaa kwenye kiti kama hicho anasikilizwa kwa adabu, anaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na mambo yanaendelea.

Na yaliendelea. Kwa karibu muda wote ambao Mtei alikuwa Washington, Tanzania na Shirika hawakuelewana. Huku nyumbani mama yangu alikuwa anapanga foleni ya sabuni. Ana hadithi ya kuacha jiwe kwenye foleni limshikie nafasi huku akienda kunyonyesha, na akirudi kukuta mawe yamechanganywa! Makubaliano yalikuja 1986, Nyerere akiwa ameshatoka na Mwinyi ameingia Ikulu. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa haijafika shilingi 20. Mwisho wa mwaka ilikuwa imepita 50.

Sisemi Mtei hakutetea kitu. Ninachosema ni kwamba kuwa na mtu wetu mezani hakukutupatia masharti ya huruma, na kumbukumbu za aina hii zinatufanya tusahau kuuliza kwa nini. Kazi inakuwa ni sura za kitabu. Uteuzi unafuata uteuzi, msomaji anashangilia, nchi inabaki nyuma kama mandhari.

Mtaniambia bora awepo kuliko asiwepo. Sawa, lakini hata mlango wa kutokea una ubaguzi wake. Mwaka 1988 Davison Budhoo, mchumi kutoka Grenada, aliacha kazi Shirika la Fedha na kuandika barua ndefu ya wazi akilishutumu kwa yale aliyoyashiriki mwenyewe. Wangapi kati yenu mmewahi kulisikia jina lake? Joseph Stiglitz, Mmarekani aliyekuwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia, alilikosoa Shirika hilo hilo kwenye kitabu chake cha 2002, na dunia nzima ikakinunua. Nami nimekinunua, sijitoi.

Kwa hiyo wazee wetu mnaoandika sasa, na wahariri mnaowaandalia vitabu, tunaomba kitu kimoja. Tupeni kikao kimoja tu, kizima. Nani aliingia na pendekezo gani, ulisema nini, nani alikuunga mkono, nani alitazama saa, na mlipotoka karatasi ilibadilika neno gani. Na kiandikwe kwa Kiswahili, maana cha Mtei nilimtafsiria mama aya kwa aya sebuleni. Tulipofika 1982 akanisimamisha: "Kwa hiyo alikuwa huko huko walikokuwa wanatukatalia?"

Nilirudi nyuma kurasa kadhaa kumtafutia jibu, na bado natafuta.