Aliyemfikisha kaka yangu kliniki

Mhariri,

Hapa Dodoma, "huyo wa Mirembe" ni tusi. Hospitali ya Mirembe imetibu wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, lakini jina lake bado tunatupiana vijiweni. Ndiyo maana kaka yangu, dereva wa bodaboda, alikaa miezi saba usingizi ukimkimbia, hali chakula, hazungumzi na watoto wake, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumtajia daktari. Mama alimpeleka kwenye maombi, shangazi akamleta mganga. Siwalaumu, walikwenda kwa watu wanaowaamini.

Kilichombadilisha hakikuwa tangazo. Dereva mwenzake alimvuta pembeni akamwambia: "Hata mimi nilikwenda. Nilipewa dawa, nikazungumza na mtaalamu, nikarudi kazini. Kesho nakupeleka." Na kweli, asubuhi alimpakia kwenye pikipiki yake mwenyewe, akamsubiri nje ya kliniki mpaka alipotoka. Siku ile alipoteza abiria wote wa asubuhi.

Mbali na aibu, nauli nayo ni kikwazo, maana kwa anayetoka vijijini hospitali kubwa ni mbali. Huduma ya afya ya akili ingekuwepo katika kila kituo cha afya, wengi wangeingia kama wanaokwenda kupima malaria, bila jirani kuuliza.

Ombi langu ni kwa mashehe na wachungaji, ambao mara nyingi huwapokea wagonjwa hawa kabla ya daktari: mkimaliza dua, mshikeni mkono mgonjwa mumfikishe hospitali.

Msomaji wako,
Dodoma