UCHAMBUZI: Utalii wa Kisii wanufaisha miji mingine

MGENI anayesimama juu ya mlima wa Nyanchwa asubuhi, kabla ya ukungu kutawanyika, huuona mji wa Kisii wote ukiwa chini yake: mapaa ya mabati, majengo ya orofa yanayoota kama uyoga, na barabara kuu iliyosongwa na matatu na bodaboda tangu alfajiri. Wenyeji wengi wa umri mkubwa hawasemi wanakwenda Kisii. Husema wanakwenda Bosongo, yaani mahali pa Wazungu, au Getembe. Masimulizi ya Wagusii yanashikilia kwamba mtabiri Sakawa alitangaza ujio wa wageni hao kabla hawajaonekana, na hata akaonyesha mahali ambapo majengo yao yangesimama.

Mji wenye masimulizi ya aina hiyo, hewa baridi ya nyanda za juu na mvua karibu mwaka mzima ungetarajiwa kujaa watalii. Sivyo ilivyo. Magari ya watalii huelekea mbuga ya Maasai Mara, ambayo haiko mbali upande wa kusini mashariki, na yakipitia Kisii huwa ni kwa ajili ya kutia mafuta. Hoteli za mjini hutegemea zaidi wafanyabiashara, semina za maafisa wa serikali na jamaa waliokuja mazishini.

Kisingizio cha kwamba Nairobi ndiyo inayozuia maendeleo kilipungua nguvu mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 inazikabidhi kaunti utalii wa mashinani pamoja na shughuli za utamaduni, yakiwemo makavazi. Kwa hivyo anayetaka kujua kwa nini Kisii na Nyamira hazijavuna aulize kwanza huko nyumbani.

Mfano ulio wazi zaidi ni Tabaka, kusini magharibi mwa mji wa Kisii. Huko ndiko yanakochimbwa mawe laini ya sabuni ambayo dunia nzima huyaita mawe ya Kisii: meupe, ya kijivu, ya manjano na ya waridi. Wanaume huyachimba kwa majembe na sururu na kuyachonga yakiwa bado na unyevu, kwa panga na visu. Wanawake huketi mbele ya karai za maji wakisugua kila kinyago kwa msasa hadi kiwe laini, kisha hukipaka nta king'ae. Ni kazi ya familia nzima, na vumbi lake pia huvutwa na familia nzima. Machimbo nayo huporomoka na kuua, hasa wakati wa mvua.

Si kwamba ufundi huo haujulikani. Sanamu ya ndege wa amani iliyochongwa na Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, iko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka wa 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la Smithsonian jijini Washington, mchongaji huyo alikuwa huko akichonga ndovu mbele ya umati. Lakini mtalii wa kawaida hukutana na jiwe la Kisii katika duka la Nairobi au Mombasa, na hulinunua bila kujua lilitoka kijiji gani. Kati ya aliyechonga na aliyenunua kuna msururu wa madalali, na kila mmoja huongeza bei yake. Mchongaji, ambaye mara nyingi hana akiba wala ghala, huuza kwa bei anayotajiwa. Biashara ya utalii ilipokwama baada ya ghasia za 2007 na 2008, na tena mwaka wa 2020 kwa sababu ya corona, dalali aliweza kugeukia bidhaa nyingine. Mchongaji alibaki na mawe yake uani.

Hapa ndipo ziara ya Tabaka kwenyewe ingeleta tofauti. Mgeni akishaona jiwe likitolewa shimoni na kinyago kikitokeza, hawezi tena kubishana kuhusu shilingi hamsini kama anavyofanya kwenye vibanda vya barabarani. (Uzito wa mizigo kwenye ndege ni kikwazo kingine, ila kibakuli kimoja hakijawahi kumshinda mtu.) Kinachohitajika si hoteli ya nyota tano. Ni barabara inayopitika wakati wa mvua, banda la maonyesho linalomilikiwa na wachongaji wenyewe, vyoo safi, na sheria za kaunti kuhusu usalama wa machimbo. Jiwe likichimbwa halioti tena, na ardhi inayolibeba ni mashamba ya watu.

Historia nayo imeachwa mikononi mwa wazee. Mnamo Januari 1908, kijana Otenyo, akihimizwa na mganga Moraa, alimchoma mkuki afisa wa Uingereza, Geoffry Northcote. Northcote alipona na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi liliteketeza nyumba, likapora mifugo na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo akiwa katika Wizara ya Makoloni, alilalamika kwa maandishi. Jamaa zake Otenyo na wazee wa Kigusii wamedai kwa miaka mingi kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na wanataka kirejeshwe. Septemba 1914 Wajerumani waliuteka mji huu kwa muda mfupi mno kabla ya kurudi nyuma, wakazi wakachukua walichokiona ofisini na misheni, kisha Waingereza wakawaadhibu kwa kutwaa ng'ombe wao. Misheni ya Waadventista iliyoanzishwa hapa Nyanchwa mwanzoni mwa miaka ya 1910 na ile ya Wakatoliki kule Nyabururu zilishuhudia matukio hayo ya 1914.

Kila kituo katika simulizi hiyo kingeweza kutembelewa kwa siku moja. Katika makavazi pangefaa kuwepo obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, na maelezo kuhusu ababari, wapasuaji wa jadi waliofungua mafuvu ya wagonjwa na ambao madaktari wa kisasa wameandika habari zao kwa mshangao.

Kikwazo kikuu, kwa maoni yangu, ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Katika mji kama huu, nyumba ya kikoloni yenye ua mpana haionekani kama kumbukumbu. Huonekana kama ploti. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali kutangazwa turathi na kulindwa, lakini tangazo hilo huhitaji mtu wa kuliomba mapema. Kwa majirani wa Migori, kuta za mawe za Thimlich Ohinga ziliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2018.

Ukingo wa Manga, ulio mpakani, ungekuwa mahali pa kuanzia. Kutoka juu yake mtu huona nchi hadi mbali, na inasemekana siku isiyo na mawingu Ziwa Victoria huonekana. Masimulizi mengi ya kale ya Wagusii yamefungamana nao. Lakini kaunti hizi mbili zimezozana kwa miaka mingi kuhusu ushuru wa soko la Keroka, na iwapo zimeshindwa kugawana soko, haijulikani nani atajenga njia ya kupanda mlima ambao ada yake pia italazimu igawanywe. Wawakilishi wadi wa pande zote mbili wanaweza kukutana kuhusu Manga pekee, wakaiweka Keroka kando kwanza. Hawahitaji kibali cha Nairobi kufanya hivyo.