Maoni: Gitaa halilii sababu ya jina lililo kichwani

Bukavu, Butembo, Bunia ao Lubumbashi, kwaya ao kikundi cha vijana kinaweza kuchanga dola kwa miezi mingi ili kununua gitaa moja la umeme. Siku ya kununua, wengi wanaangalia kitu kimoja tu: jina lililoandikwa kichwani. Likiwa Fender ao Gibson, wanalipa. Likiwa jina wasilolijua, wanaenda zao. Kwa mwenye pesa kidogo, naona hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupoteza mchango wa watu.

Magitaa ya umeme yenye sura ya zamani yanafuata mifano michache. Telecaster ya Fender ilipata jina hilo mwaka 1951, Les Paul ya Gibson ikatoka 1952, Stratocaster 1954. Wengine wameiga sura hizo kwa miaka mingi, hata mwaka 2009 ofisi ya alama za biashara ya Marekani ikakataa kuipa Fender haki ya peke yake juu ya umbo la Stratocaster na la Telecaster. Ndiyo sababu kampuni nyingi zinauza magitaa ya sura hiyo na kuandika juu yake jina lao wenyewe.

Anayefanya hivyo hakudanganyi. Mwizi ni yule anayebandika neno Fender juu ya gitaa ambalo Fender haikulitengeneza. Basi jina kubwa kwa bei ya chini sana likutie wasiwasi kuliko jina dogo.

Tena majina hayo madogo yana wenyewe. Cort ni kampuni ya Korea Kusini, na kiwanda chake cha Indonesia kinatengeneza pia magitaa ya kampuni zingine. Harley Benton ni jina la Thomann, duka kubwa la Ujerumani. Squier ni ya Fender yenyewe, na Epiphone iko mikononi mwa Gibson tangu 1957. Hapa kwetu, fundi Misoko Nzalayala wa Kinshasa, anayejulikana kama Socklo, amejipatia sifa kwa magitaa anayoyatengeneza mwenyewe.

Sasa utachaguaje? Kwanza angalia shingo kutoka kichwani kwenda chini, kama seremala anavyoangalia ubao. Ikiwa imejipinda kama kamba, iache. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo: vyuma vyake visikukwaruze.

Kisha piga uzi mtupu, halafu bonyeza uzi uleule kwenye chuma cha 12. Sauti inapaswa kuwa ileile, ila juu zaidi. Ikikosea kidogo, fundi anaweza kurekebisha kwenye daraja. Ikikosea sana na daraja halina nafasi ya kusogezwa, usilipe. Jambo hili ni kubwa kwetu, maana mi-solo na solo ya sebene vinapigwa juu kwenye shingo, mahali gitaa bovu linapojifichua.

Vuta nyuzi kwa nguvu, usikilize tena: funguo dhaifu zitaziachilia. Mwishoni chomeka kwenye ampli na uzungushe vitufe vyote. Mlio wa kukwaruza pekee mara nyingi ni vumbi tu. Sauti inayokatika unapogusa waya inahitaji fundi, basi bei ipungue.

Jua pia muziki utakaopiga. Mikro za koili moja, kama za Stratocaster na Telecaster, zina sauti kali na safi inayopenya katikati ya ngoma, lakini zinavuma karibu na nyaya mbaya ao jenereta. Mikro za koili mbili, ambazo Gibson ilianza kuweka kwenye Les Paul mwaka 1957, zina sauti nene na hazivumi sana.

Kuna watakaosema gitaa lenye jina linauzika tena kwa urahisi. Ni kweli, kama ni la kweli. Lakini kwaya inanunua gitaa ili lipigwe kila Siku ya Mungu, na hilo jina dogo lililonyooka litalifanya vizuri.

Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, leo Likasi, akiwa na gitaa la kawaida lisilo la umeme. Watu wangali wanajifunza vidole vyake. Anayemsikiliza haulizi gitaa lilitoka kiwanda gani.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye kushika sanduku la mchango, msimalize dola zote dukani. Mwendeni na mpiga gitaa mzoefu, mjaribu magitaa matatu ao mane, na mbakishe pesa ya nyuzi mpya na ya fundi.