Panga Nambari Vizuri, Linda Jina la Mweka Hazina

Mwisho wa mwezi umefika. Mweka hazina wa chama ameketi kwa kompyuta na taarifa ya miamala ya simu, anaandika ripoti kwenye Word: majina upande huu, pesa upande ule. Ili pesa zikae mstari mmoja, anabonyeza kitufe cha nafasi mara kumi hivi. Kwa skrini yake inakaa poa. Akiituma kwa grupu ya WhatsApp, simu ya mwenzake inafungua kwa mwandiko tofauti, nambari zinatawanyika. Maswali yanaanza: "Hii elfu mbili ni ya nani?"

Kwetu sisi, hili si jambo la urembo. Ni jambo la uaminifu. Hebu angalia 150.00 na 15,000. Kwa karatasi zina urefu sawa, lakini moja ni mia na hamsini, nyingine ni elfu kumi na tano. Ukizichanganya hivyo kwa orodha ndefu, jicho linadanganyika. Amua: senti ziandikwe kila mahali ama zisiandikwe kabisa. Kisha panga nambari upande wa kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, vile tulifundishwa shule ya msingi. Kosa litajitokeza lenyewe.

Kufanya hivyo ni rahisi. Weka jedwali, chagua safu ya pesa, bonyeza Ctrl na R. Nambari zote zitaegemea kulia. Kama hutaki jedwali, fungua rula iliyo juu ya ukurasa, bonyeza ile alama ndogo ya kushoto hadi ije ya desimali, halafu bonyeza kwa rula mahali unataka nukta zikae. Baada ya kila jina, bonyeza Tab mara moja tu.

Wengine watasema, "Si jumla iko sawa? Shida iko wapi?" Shida ni kwamba mwanachama hasomi jumla peke yake. Anatafuta jina lake na pesa zake. Asipoziona haraka, anaanza kushuku, hata kama hakuna shilingi iliyopotea.

Kazi yetu ni kufikisha pesa na kukutumia ujumbe wa kuthibitisha. Ripoti ya chama ni yako. Ipange, uihifadhi kama PDF isibadilike njiani, ndio uitume.