KIPANDE CHA SIKU HIZI TWAJIFUNGA WENYEWE



Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alibeba karatasi ndani ya kikebe cha chuma, nayo ilisema jina lake, alama za vidole vyake, tajiri wake na mshahara wake. Tajiri mpya akisoma mshahara mdogo, kwa nini aongeze? Harry Thuku alipiga kelele juu ya jambo hilo mwaka 1921, na mwaka 1922 akakamatwa.

Sasa tutazameni sisi. Hakuna askari aliyetulazimisha. Mtu amelala kitandani mwake hapa Ziwani, anapiga picha karatasi yake ya mshahara na kuitia katika Facebook apate sifa. Mwingine anaomba mchango wa matanga, anatia kitambulisho cha marehemu na nambari zote zaonekana. Tena yuko yule (anajijua) anayepiga picha maneno ya kikundi chetu cha WhatsApp juu ya zamu na kuyafikisha ofisini.

“Mimi sina la kuficha,” asema. Vema, wewe huna. Lakini simu yako ina nambari zetu! Ulipokubali programu ya mkopo isome majina yote, ulituweka sisi rehani. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, wakopeshaji wa simu, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizotoka kwa watu wengine, na kuwapelekea wenyewe vitisho. Wakati huo huo shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Basi haki tunayo, katika kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 na katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini faini haiirudishi picha iliyokwisha kupita simu mia.

Kwa hiyo nataka tawi letu liamue katika mkutano ujao: orodha ya wanachama na nambari zao za kazi isitiwe katika kikundi chochote, na anayetaka kutangaza picha ya mwenzake amwulize kwanza. Wanakamati nao wasijitoe.