MASHINI ZA ZAMANI ZISITUPWE



Siku hizi tunasikia neno moja mahali pengi: "Ile ordinatere imezeeka, itupwe." Sisi tunasema hapana. Kuzeeka si kufa.

Tuangalie mambo vile iko. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Ile ya nyuma yake, Windows 11, inaomba memoari ya gigabaiti 4 na chombo kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashini mingi za zamani hazina kile chombo. Lakini siku ile hakuna waya uliokatika ndani yao. Klavie ingali inaandika, ekra ingali inawaka. Ni kampuni tu iliyosema basi.

Wengine wanauliza: mashini nzee itafanya kazi gani? IBM PC ya mwaka 1981 ilianza kuuzwa na memoari ya kilobaiti 16 tu, na watu walifanya nayo hesabu na barua. George R. R. Martin, mwandishi wa Marekani, alieleza mwaka 2014 ya kama anaandika vitabu vyake na WordStar 4.0, katika mashini ya DOS isiyounganishwa na intaneti. Virusi vya intaneti haviingii, na hakuna kitu cha kumvuta macho.

Programu pia zinaweza kuchungwa. Mwaka 1994, Jim Hall, mwanafunzi wa Marekani, alisikia ya kama MS-DOS itaachwa. Hakukaa kulalamika. Alianzisha FreeDOS, wenzake wakamusaidia. Inatolewa bure, na toleo la 1.4 lilitoka mwaka 2025. Mwanafunzi ndiye alianza!

Ni kweli, hatari iko. Mashini ya Windows isiyolindwa tena isiunganishwe na intaneti; iwe ya kujifunza kupiga mashini, kufanya hesabu na kuandika programu za BASIC. Vumbi na joto vinaharibu. Batri ndogo ya saa inakwisha, lazima ibadilishwe. Na mwenye maandiko katika disketi ayakopie mahali pengine mbio, kwa sababu Sony iliacha kuzitengeneza tangu 2011.

Kwetu Kongo neno hili lina uzito zaidi. Koltani ya Rubaya inatoa tantali inayoingia ndani ya vyombo hivi; kobalti ya Kolwezi inaingia ndani ya batri zao. Ndugu zetu wanaichimba kwa jasho, wengine wanakufa ndani ya mashimo. Halafu tunainunua kwa bei kali, halafu tunaitupa ku jalala? Hiyo si heshima kwa wale wachimbaji.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja, mashini isitupwe mbele ya kupimwa. Mbili, ile iliyokufa kabisa itoe vipande kwa kuponyesha zingine. Tatu, wanafunzi, wasichana na wavulana, wafundishwe kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena.

Bwana Yesu aliposhibisha makutano, aliagiza wakusanye hata vipande vilivyobaki. Sisi tuko nani hata tutupe kitu kizima?